Haki si Posho ya Kikao

Hakuna msemo wa siasa uliokita mizizi Tanzania kuliko huu: hakuna haki bila wajibu. Umo katika vitabu vya uraia, umo midomoni mwa wakuu wa wilaya, husikika kwenye mahafali ya kidato cha nne, na hata watetezi wa haki za binadamu huutanguliza kabla hawajadai lolote, wasije wakaonekana wakorofi. Umezoeleka kiasi kwamba anayeuhoji huonekana kakosa adabu. Basi na nionekane hivyo. Nasema kwamba kwa namna unavyotumika leo msemo huo ni wa uongo, na si uongo wa kupuuzwa, maana kuna watu wamelala mahabusu kwa ajili yake.

Sikiliza unavyosemwa. Mwananchi analalamika kwamba zahanati haina dawa. Anaulizwa kama amelipa mchango wa ujenzi. Kijana amekamatwa na mgambo na anataka kujua kosa lake. Anaulizwa anafanya kazi gani. Mwalimu anadai malimbikizo ya mshahara; anaambiwa kwanza apandishe ufaulu wa shule. Kila swali la haki hujibiwa kwa swali la wajibu, na aliyekuja kudai huondoka akiwa mshtakiwa. Chini ya majibizano hayo yote kuna imani moja, kwamba haki ni malipo. Imegeuzwa posho ya kikao: asiyetia saini daftari la mahudhurio hapati bahasha. Na daftari lenyewe, tunajua, huwa mezani pa nani.

Katiba haisemi hivyo. Sehemu ya Tatu ya Sura ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ile iliyoingizwa kwa marekebisho ya tano mwaka 1984, imezipanga haki kuanzia ibara ya 12 hadi ya 24, kisha ukafuata wajibu kuanzia ya 25 hadi ya 28. Ibara ya 12 inaanza kwa kutamka kwamba binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa. Mtoto aliyezaliwa usiku wa kuamkia leo katika hospitali ya Mwananyamala hajafanya kazi, hajalinda mali ya umma, hajatii sheria wala hajaivunja. Uhuru wake umeshatimia. Vivyo hivyo mgonjwa wa akili asiyemjua rais, bibi kizee asiyeinuka kitandani, na mgeni aliyevuka jana mpaka wa Tunduma. Ibara nyingi za sehemu hiyo zinamtaja kila mtu. Hazimtaji raia mwema.

Wanaonibishia hukimbilia ibara ya 29, wakidhani hapo ndipo haki na wajibu vilipofungishwa ndoa. Waisome tena. Inasema kila mtu anayo haki ya kufaidi haki za msingi za binadamu, na kufaidi matokeo ya kila mtu kutekeleza wajibu wake kwa jamii. Yaani jirani yangu akilipa kodi, matunda yake ni yangu pia. Hiyo nayo ni haki. Hakuna mahali inaposema kwamba mimi nisipotekeleza, haki zangu zinasimama. Na walioandika Katiba hawakushindwa kuandika masharti. Wameyaandika kwa wingi katika sifa za kugombea urais na ubunge. Pale walipotaka sharti waliliweka. Hapa hawakuliweka.

Hapo huja jibu la pili, ambalo ni zito zaidi: je, haki haina mipaka? Ina mipaka, naam, na ibara ya 30 imeieleza: haki zangu zisitumike kuvunja haki za wengine wala maslahi ya umma. Lakini mpaka na sharti ni vitu viwili, na ujanja wote wa msemo ule umejificha katika kuvichanganya. Mpaka unahusu namna ninavyoitumia haki. Sharti linahusu kama ninayo. Sheria inayonizuia kumkashifu mtu ni mpaka wa uhuru wangu wa maoni. Afisa anayesema nisiongee mkutanoni kwa kuwa sikuja kuchimba mtaro ameweka sharti, na sharti hilo halimo katika ibara ya 18 wala ya 30. Kosa la kutochimba mtaro, kama ni kosa, lina sheria yake na adhabu yake. Ububu haumo katika adhabu hizo.

Nitawapa wapinzani wangu karata yao iliyo nzuri kuliko zote, kwa sababu wengi wao hawajui kwamba wanayo. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ilitoa hukumu ambayo wanasheria wetu wameikariri tangu chuoni. Humo Nyalali aliandika kwamba Katiba yetu inatofautiana na nyingi za nchi za Magharibi kwa kuwa inatambua haki za mtu na pia wajibu wake, mtu na jamii yake wakiishi pamoja bila mmoja kummeza mwenzake. Maneno hayo yangependeza sana kwenye hotuba ya mkuu wa wilaya. Sasa tazama yalikuwa katika kesi gani. Mtu alishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu. Kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilikataza kumpa dhamana mshtakiwa wa aina yake, awe na hoja gani au apelekwe kwa hakimu yupi. Mkurugenzi wa Mashtaka akakata rufaa kukitetea. Mahakama ileile iliyousifu wajibu ikakifuta kifungu hicho kwa kuwa kinakwenda kinyume na Katiba: hakikuweka utaratibu unaofaa wa kumnyima mtu uhuru wake, na kilivyoandikwa kwa upana kiliweza kumnasa hata asiye hatari kwa yeyote.

Kwa hiyo mshindi wa kesi iliyotuletea falsafa ya haki na wajibu alikuwa mshtakiwa wa unyang'anyi. Si mjumbe wa nyumba kumi, si mfanyakazi bora wa mwaka. Nyalali alielewa kwamba wajibu kwa jamii ni sababu ya kuzipima sheria kwa uangalifu, ili kinachozuiwa kisizidi kinachohitajika kuzuiwa. Hakuwa na mizani ya kumpima mdai, wala mahakama yake haikuuliza kama mtu yule alikuwa mwema.

Miaka mitatu baadaye mahakama hiyo ikarudia somo, safari hii kwa wakulima. Baba na mwanawe wa Mbulumbulu, katika iliyokuwa Wilaya ya Mbulu, walikuwa wamepoteza shamba wakati wa Operesheni Vijiji, kampeni ya kuwahamishia watu vijijini. Mwaka 1987 wakashinda kesi ya kulirudisha. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria iliyofuta haki za kimila za ardhi zilizokuwapo kabla ya operesheni na kuwafungia watu mlango wa mahakama. Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba umiliki wa kimila si mali inayolindwa na ibara ya 24. Mahakama ya Rufani ilijibu kwamba hoja hiyo ikikubaliwa, Watanzania wanaoishi kwenye ardhi ya mila watakuwa wavamizi ndani ya nchi yao wenyewe, na ikaibatilisha sehemu ya sheria ile. Tukumbuke tu kwamba Operesheni Vijiji ilihubiriwa kwa lugha ya wajibu kuliko kampeni nyingine yoyote katika historia yetu. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Aliyegoma kuhama hakuhesabiwa mtu mwenye haki ya makazi, alihesabiwa mtoro wa wajibu, na nyumba yake iliezuliwa kwa hesabu hiyo.

Wapo watakaosema: hiyo ni fikra ya Kizungu, haki za mtu mmoja mmoja, Mwafrika kwao hutanguliza jamii. Hoja hii inastahili kujibiwa taratibu kwa sababu wengi wanaiamini kwa moyo safi. Kwanza, tuulize mpango wa kumwambia Mwafrika kwamba utatembea huru ukishaonyesha kwamba umefanya kazi ulianzishwa na nani hapa kwetu. Katika Kenya ya wakoloni, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kubeba kipande, yaani cheti cha utambulisho na kazi, akakining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha bati. Mwajiri ndiye aliyetia saini. Asiye na saini ya kuachiwa hakuweza kuhama wala kuajiriwa kwingine. Akikutwa barabarani alikuwa mhalifu. Dar es Salaam nako Waingereza waliendesha misako ya kuwarudisha mikoani waliowaita wahuni, yaani Waafrika wasio na ajira ya kuonekana. Ule ndio uliokuwa utaratibu uliokamilika wa haki kwa wajibu: tembea kama umetumika.

Na sisi tukaurithi. Mwaka 1983, Tanzania huru ikiwa na miaka 22, ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Wachuuzi na vijana wasio na kitambulisho cha kazi wakakusanywa mitaani Dar es Salaam, wakapakiwa kwenye magari, wakapelekwa vijijini na mashambani. Haki ya kwenda utakako na kuishi upendako, ambayo mwaka mmoja baadaye ingeandikwa katika ibara ya 17, iliangukia mikononi mwa mtu wa msako ambaye kazi yake ilikuwa kuamua kwa jicho kama wewe ni mtu mwenye kazi. Waliokuwa na kazi nao walikamatwa, kwa sababu kushona viatu chini ya mwembe hakukuonekana kazi. Hapo ndipo haki yenye sharti inapofikia siku zote: kabla ya kuifaidi inabidi umridhishe mtu fulani, na mtu huyo ana haraka, ana idadi ya kufikisha, na hajui maisha yako.

Pili, Afrika yenyewe imeshaandika msimamo wake. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981 na kuanza kutumika mwaka 1986, ndio mkataba unaojivunia wajibu. Ibara ya 27 hadi ya 29 zimeutaja wajibu kwa wazazi, kwa jamii, kwa taifa, hata kwa umoja wa Afrika. Lakini ibara yake ya kwanza inazibebesha nchi mzigo wa kuzitambua na kuzitekeleza haki hizo, na hakuna ibara inayosema asiyewatunza wazazi wake ateswe au anyimwe wakili. Mahakama ya Afrika, ambayo makao yake yapo Arusha, ilipotakiwa mwaka 2013 kuamua shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi, iliona kwamba kumlazimisha raia ajiunge kwanza na chama ndipo agombee ni kuvunja haki yake. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu raia wake na asasi zao kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo. Iliyoikimbia mahakama ya Afrika, basi, si fikra ya Kizungu.

Inafaa pia kukumbuka jinsi hati ya haki katika Katiba yetu ilivyocheleweshwa. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 bila hati ya haki katika katiba yake. Mwaka 1962 ikaja sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwashtaki. Tume ya Rais iliyoongozwa na Rashidi Kawawa, iliyotayarisha mfumo wa chama kimoja mwaka 1965, iliizingatia hati ya haki na kuikataa. Badala yake tukapewa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Hoja zilikuwa zile tunazozisikia leo: taifa ni changa, kazi ni nyingi, haki zitawafunga mikono viongozi wanaojenga nchi. Hata hati ilipopita mwaka 1984, utekelezaji wake mahakamani uliahirishwa kwa miaka mitatu, hadi Machi 1988, ili Serikali isafishe sheria zake. Haikusafisha za kutosha. Tume iliyoongozwa na Nyalali yuleyule ilipotoa ripoti yake mwaka 1992 iliorodhesha sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa. Miaka 23 ya kungoja, na mitatu ya nyongeza kwa ombi la mkosaji. Kama haki ni ujira wa wajibu, wale waliolima, waliojenga shule kwa kujitolea na waliokwenda vitani Uganda mwaka 1979 walikuwa wakidai malimbikizo makubwa sana.

Tuache historia, twende wilayani. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48. Si uwezo wa kutumia upendavyo: lazima pawe na kosa au hatari ya kweli kwa amani ambayo haiwezi kuzuiwa kwa njia nyingine, sababu ziandikwe kwa maandishi, mtu afikishwe kwa hakimu. Sasa kumbuka habari ulizozisoma miaka hii kumi kuhusu saa 48. Mganga aliyechelewa kikao. Diwani aliyejibu kwa sauti ya juu. Mtendaji ambaye kijiji chake hakikufikisha lengo la madarasa. Mwanakijiji aliyekataa mchango. Mawaziri wa tawala za mikoa na serikali za mitaa (TAMISEMI) wamewaonya wakuu wa wilaya zaidi ya mara moja, na onyo linalorudiwa linakueleza lenyewe limefanya kazi kiasi gani. Kinachonishughulisha ni jinsi makofi yanavyopigwa. Mkuu anaposema mweke ndani, umati hushangilia, kwa sababu tumefundishwa tangu darasa la tatu kwamba mzembe hana haki. Mganga yule akishtakiwa kwa uzembe mbele ya mamlaka yake ya nidhamu nitakuwa wa kwanza kuunga mkono. Kumtoa kwenye kikao hadi mahabusu bila kosa lolote la jinai ni jambo ambalo ibara ya 15 ilitungwa kulizuia.

Au mchukue msichana wa shule. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa, na Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza hadharani mkoani Pwani kwamba hatarudi shule katika utawala wake. Hoja ilikuwa ya wajibu mtupu: mwanafunzi kazi yake kusoma, huyu kachagua mengine. Hakusikilizwa wala hakuulizwa kama alibakwa. Aliyempa mimba mara nyingi hakuonekana. Na taifa ambalo lilikuwa na wajibu wa kumpa bweni, njia salama ya kwenda shule na mwalimu wa kumsikiliza halikuulizwa lolote. Novemba 2021 zuio likaondolewa, watoto wakaruhusiwa kurudi. Nchi haikuporomoka. Lakini waliofukuzwa katika kipindi hicho walikwisha kuwa wanawake wasio na cheti. Nikiongeza hapa kwamba haki ya elimu imewekwa katika ibara ya 11, nje ya sehemu inayoweza kutekelezwa na mahakama, nitakuwa nimeanza makala nyingine.

Sisemi raia hana wajibu. Anao: kutii sheria, kulinda mali ya umma, kulilinda taifa, kufanya kazi. Nao una meno yake. Asiyelipa kodi hushtakiwa, aliyeiba mali ya umma hufungwa. Na yule tunayeambiwa halipi kodi, mama wa vitumbua asiye na namba ya mlipakodi, kila anaponunua kipande cha sabuni ya kufulia Tanzania Bara analipa ndani yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, hapewi ahsante wala risiti. Na hata aliyehukumiwa na kufungwa hapotezi kila kitu. Kenya, wafungwa walipiga kura katika kura ya maoni ya Katiba ya Agosti 2010, na mwaka 2017 wakamchagua rais. Waliovunja wajibu wao hadi wakapelekwa jela walikuwa kwenye foleni ya kura, na dola ikawapelekea masanduku.

Ukweli ni kwamba kila haki ina wajibu unaoandamana nayo. Hilo msemo umelipatia. Umekosea mtu. Wajibu unaoandamana na haki yangu ya kutoteswa ni wa askari aliyeshika kirungu. Haki yangu ya kusikilizwa ina mwenzake, nao ni wajibu wa hakimu wa kunisikiliza na wa mwendesha mashtaka wa kuleta ushahidi. Ingia mahakama yoyote ya hakimu mkazi siku ya kutajwa kwa kesi za utakatishaji fedha, kosa lisilo na dhamana. Utasikia sentensi ileile ikisomwa kwa mtu mmoja baada ya mwingine: upelelezi haujakamilika. Kesi inaahirishwa siku 14, inaahirishwa tena, mwaka unapita, mtu anarudi rumande. Nani hapo hajatimiza wajibu? Mshtakiwa amekuja kila alipoitwa, tena kwa pingu. Mpelelezi ndiye hajamaliza kazi yake, na anayelipa gharama ya uzembe huo ni mtu ambaye ibara ya 13(6)(b) inamhesabu hana hatia. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kizima cha 148(5) kinakiuka Katiba. Miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikakirudisha. Niliusoma uamuzi huo nikiwa na ile hukumu ya 1991 pembeni. Sikushawishika, na sidhani Nyalali angeshawishika.

Wajibu wa dola hukwepwa kwa njia nyingine iliyo kimya zaidi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, hata 14 kwa idhini ya mahakama, vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 ikashindwa. Miaka mitano baada ya kushindwa vifungu vilikuwa bado kitabuni. Raia angechelewa hivyo kutii amri ya mahakama angekuwa na anwani ya gereza la Segerea.

Na lugha yetu ya kila siku inawasaidia watawala. Kuanzia mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiwa kwa tamko, bila sheria mpya ya Bunge. Januari 3, 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akaliondoa zuio hilo, na vyama, pamoja na vilivyoumizwa zaidi, vikamshukuru kwa kutoa ruhusa. Nilielewa furaha yao. Lakini ibara ya 20 haikuwa imefutwa hata siku moja kati ya hizo, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alikwisha kuamua kwamba mkutano hauhitaji kibali. Tulipewa kilichokuwa chetu, tukasema ahsante, na kwa ahsante hiyo tukakubali kwamba kinaweza kuchukuliwa tena.

Wakenya walilishughulikia jambo hili kwa wino. Katiba yao ya 2010, ibara ya 19, inasema waziwazi kwamba haki na uhuru vilivyo katika Sura ya Nne ni vya kila mtu na havikutolewa na dola. Ibara ya 25 inaorodhesha zile zisizopunguzwa kwa hali yoyote, kutoteswa ikiwamo. Wino peke yake haukuwatosha. Juni 2024, vijana walipoupinga muswada wa fedha wakiishika ibara ya 37 mkononi, makumi ya watu waliuawa, wengine wakatekwa, na wakubwa wakasimama kuwahubiria kwamba haki ya kuandamana inaendana na wajibu. Hata hivyo kuna tofauti. Pale mzazi wa aliyetekwa hakuhitaji kuanza kwa kuthibitisha kwamba mwanawe alikuwa kijana mzuri. Alikwenda mahakamani akauliza yuko wapi, na polisi ndio waliotakiwa kujieleza.

Nimeiacha ibara moja makusudi. Ibara ya 26 inahusu wajibu wa kutii sheria za nchi, na hakuna ibara wanayoipenda zaidi wahubiri wa wajibu. Huwa wanaishia ibara ndogo ya kwanza. Ya pili inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi. Kila mtu, si aliyeumizwa tu. Walioandika waliona kwamba kuilinda Katiba ni sehemu ya kuitii, wakaliweka jambo hilo katikati kabisa ya ibara za wajibu. Kwa mlango huo mawakili na wanaharakati walizifikisha mahakamani sheria ambazo waathirika wake hawakuwa na nauli ya kufika huko, achilia mbali ada ya wakili.

Juni 2020 Bunge liliirekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ya mwaka 1994. Kwa marekebisho hayo mlalamikaji akatakiwa ale kiapo kuonyesha jinsi jambo analolilalamikia lilivyomuathiri yeye binafsi, na viongozi wakuu wa mihimili wasishtakiwe kwa majina yao. Mabishano juu ya masharti hayo yamepanda hadi Mahakama ya Rufani. Muswada ule ulipokuwa mezani niliwangojea wale wanaotukumbusha wajibu kila Mei Mosi. Hapa palikuwa na wajibu ulioandikwa kwenye Katiba, unaohimizwa kwa raia wote, na unapunguzwa mchana kweupe. Sikusikia hata mmoja aliyesimama kuutetea.